Ushahidi Uliomo Damuni

Katika riwaya ya Helon Habila, Oil on Water, iliyotoka mwaka 2010, yumo daktari mmoja ambaye wasomaji wengi humpita haraka, maana hatekwi nyara wala hashiki bunduki. Anasimulia habari za kijiji alichowahi kufanyia kazi katika delta ya Mto Niger. Mafuta yalipopatikana pale, mwali wa gesi uliwashwa na wanakijiji wakaufurahia, kwa kuwa usiku wao ulipata mwanga. Daktari akapima maji ya kunywa, akaona sumu inapanda. Aliwaendea watu wa kampuni, wakataka kumnunua kwa fedha. Mifugo ikafa, kisha watu wakaanza kufa. Hapo akapima damu ya wanakijiji, na sumu akaikuta mle mle. Majibu aliyapeleka serikalini. Wakamshukuru, wakayatia kabatini.

Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi kwa sababu ni adimu. Fasihi ya mafuta, kutoka Nigeria hadi Bara Arabu, imejaa mito iliyogeuka myeusi, mikoko iliyokauka, moto na bunduki. Damu imo pia, lakini ni ile inayomwagika. Damu inayobaki mwilini na kubadilika kimyakimya kwa miaka mingi kabla mtu hajajua kuwa anaumwa haijapata waandishi wengi. Na humo ndimo madhara ya kijenetiki ya kemikali za mafuta yalimojificha. Nikilinganisha mapokeo mbalimbali ya kutoa ushahidi, ya watunzi, ya madaktari, ya mahakama na ya wazee wetu wa pwani, naona jambo moja linaloniuma: ushahidi wa madhara haya haukukusanywa palipo na sumu nyingi, bali palipo na maabara. Sisi wa Afrika Mashariki, ambao bomba la mafuta ghafi linapita mashambani mwetu, hatuna sababu ya kungoja tulijue hilo kwa kuumia.

Kemikali inayohusika zaidi ni benzini, kimiminika chepesi kisicho na rangi, chenye harufu tamu. Imo katika mafuta ghafi na katika petroli, na hupaa hewani upesi. Mtu huivuta kwa pumzi, huinywa katika maji ya kisima, au huipokea kwa ngozi. Ikifika kwenye ini, kimeng'enya kiitwacho CYP2E1 huibadilisha ili mwili uweze kuitoa kwa mkojo. Lakini sehemu ya mazao ya badiliko hilo, ikiwemo haidrokwinoni, husafiri hadi kwenye uboho wa mifupa, ambamo damu hutengenezwa. Huko hugeuzwa tena kuwa vitu vikali zaidi, vinavyoishambulia DNA pamoja na protini zinazoziongoza kromosomu wakati seli inagawanyika. Kromosomu hukatika. Vipande hupotea, au huungana pasipo pake. Seli nyingi zilizoumia hivyo hufa, na mtu hupungukiwa damu. Chache hubaki hai na kasoro yake, zikazaana, na baada ya miaka ukoo mmoja wa seli hizo unaweza kuwa lukemia, saratani ya damu. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, umeiweka benzini katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kuwaletea binadamu saratani.

Wala watu hawaumii sawasawa. Kuna kimeng'enya kingine, NQO1, kinachopunguza makali ya vile vitu vinavyoshambulia uboho, na wapo waliozaliwa na jeni isiyokitengeneza ipasavyo. Utafiti wa wafanyakazi wa Shanghai uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa watu wa namna hiyo, wakikutana na benzini, hupatwa na madhara ya damu zaidi kuliko wenzao. Wawili wanaweza kufanya kazi chumba kimoja, mmoja akastaafu salama na mwingine akazikwa kijana, na majirani wakasema ni kudura tu.

Elimu hii haikutoka kwenye visima vya mafuta. Mwaka 1897 daktari Santesson alieleza vifo vya wanawake vijana waliofanya kazi katika kiwanda cha matairi ya baiskeli huko Uppsala, Sweden, waliokufa kwa kuishiwa damu. Baadaye zamu ikawa ya mafundi viatu wa Istanbul, waliokaa katika karakana finyu zisizopitisha hewa, wakipaka gundi yenye benzini kutwa nzima. Daktari wa damu Muzaffer Aksoy aliwaona wakimjia mmoja baada ya mwingine, akaanza kuwaorodhesha, na mwaka 1974 yeye na wenzake wakachapisha habari za wagonjwa 26 wa lukemia miongoni mwa mafundi hao. Benzini ilipoanza kuondolewa kwenye gundi, wagonjwa wakapungua. Mwaka 2004 watafiti wakachapisha walichokiona kwa wafanyakazi 250 wa viwanda vya viatu vya Tianjin, China: chembe za damu hupungua hata pale benzini hewani ikiwa chini ya sehemu moja kwa milioni, kiwango ambacho sheria za nchi nyingi zilikihesabu kuwa salama.

Yaani tunachokijua juu ya sumu ya mafuta kwenye jeni tumekijua kwa miili ya washona viatu. Jambo hilo linanisumbua. Daktari kama Aksoy aliwapata wagonjwa wake kwa sababu walikuwa mjini, karibu na hospitali ya chuo kikuu, na kwa sababu yeye aliuliza kila mgonjwa anafanya kazi gani. Mvuvi wa delta hakuwa na Aksoy wake.

Mapokeo ya Marekani yalichukua njia nyingine, ya sheria na takwimu. Mwaka 1948 Taasisi ya Petroli ya Marekani, chombo cha makampuni yenyewe, ilitoa mapitio ya sumu ya benzini yaliyokiri kuwa kiwango pekee kilicho salama kabisa ni sifuri. Miaka ikapita. Mwaka 1977 utafiti wa wafanyakazi wa viwanda vya Ohio ulionyesha wazi uhusiano wa benzini na lukemia, na mwaka uliofuata serikali ikaamuru kiwango kazini kishushwe kutoka sehemu kumi kwa milioni hadi moja. Taasisi ile ile ikaenda mahakamani. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ikalifuta agizo, ikitaka kwanza ithibitishwe kwa hesabu kwamba hatari ni kubwa kiasi cha kudai sheria. Agizo lilirudi mwaka 1987. Wafanyakazi waliovuta hewa ile kwa miaka hiyo tisa ndio waliotumika kuzitimiza hesabu. Nasema hivi bila kuidharau sheria, maana bila sheria kiwango kisingeshuka kamwe. Lakini mahakama inayodai hesabu ya wagonjwa kabla ya kuzuia ugonjwa imekubali, tangu mwanzo, kwamba lazima wapatikane.

Nigeria ilikuwa na sumu nyingi kuliko wote hao, na ushahidi wake ukaja kwa njia ya watunzi. Mafuta yaligunduliwa Oloibiri mwaka 1956. Ken Saro-Wiwa, mtunzi wa riwaya na tamthilia za televisheni, aliuacha utulivu wa kazi hiyo akawasemea Waogoni, watu wake wa delta, na tarehe 10 Novemba 1995 akanyongwa pamoja na wenzake wanane. Tanure Ojaide, katika diwani yake Delta Blues and Home Songs ya mwaka 1998, aliendeleza maombolezo ya mito ya utotoni mwake. Nguvu ya mapokeo haya ni kwamba hayasiti kumtaja mkosaji. Mtunzi hangoji kiwango cha uhakika wa kitakwimu. Ameona samaki wamekufa, anasema nani amewaua. Udhaifu wake ni kwamba macho yake yako nje ya mwili. Mto ukisafishwa na mikoko ikarudi, ushahidi wa mtunzi unakwisha, ilhali aliyekunywa maji ya mto ule kwa miaka kumi bado anatembea na uboho wake ulioumia.

Mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti yake juu ya Ogoniland. Katika eneo la Nisisioken Ogale, familia zilikuwa zikinywa maji ya visima yenye benzini zaidi ya mara 900 ya kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mahali pamoja, tabaka la mafuta yaliyosafishwa, unene wa sentimita 8, lilikuwa likielea juu ya maji ya ardhini yanayolisha visima. Ripoti ilikadiria kuwa kusafisha Ogoniland kungechukua miaka 25 hadi 30. Ilipendekeza pia waliokunywa maji yale wapimwe afya zao na madaktari wanaojua madhara ya kemikali hizo, na iwekwe daftari ya afya ya watu wa Ogoni wote. Wataalamu walipima udongo, maji na hewa, wakapitia rekodi za hospitali zaidi ya 5,000. Kazi hiyo ni kubwa na naiheshimu. Lakini tunajua kiasi cha benzini katika kisima cha Ogale kwa usahihi mkubwa, na kromosomu za mama aliyechota maji pale hatuzijui.

Tuipeleke habari hiyo Galicia, pwani ya kaskazini-magharibi ya Hispania. Tarehe 13 Novemba 2002 meli ya mafuta Prestige ilipasuka katika dhoruba, na siku sita baadaye ikakatika na kuzama. Zaidi ya tani 60,000 za mafuta mazito zilimwagika. Wavuvi, wanawake wanaookota chaza, na maelfu ya watu waliojitolea walishuka ufukweni kuyazoa kwa majembe na mikono. Waandishi walikuwa pamoja nao. Manuel Rivas alikuwa miongoni mwa sauti za Nunca Máis, vuguvugu lililozuka kutokana na ajali hiyo. Mpaka hapo ni kama Nigeria: bahari nyeusi, ghadhabu, wimbo. Tofauti ni waliokuja baadaye wakiwa na sindano.

Kazi yao inastahili kuangaliwa kwa karibu. Damu huchukuliwa mkononi. Chembe nyeupe huwekwa kwenye chakula chake maabarani na kuchochewa zigawanyike kwa takriban saa 48, kisha hutiwa kolkisini, dawa inayozisimamisha katikati ya kugawanyika, wakati kromosomu zimejikunja na zinaonekana. Hupakwa rangi. Baada ya hapo mtu hukaa kwenye darubini akipitia seli moja moja, akiandika penye ufa, penye kipande kisicho na kwao, penye kromosomu mbili zilizoshikana. Mamia ya seli kwa mtu mmoja. Macho huuma. Lakini mwishoni mvuvi ambaye hana dalili yoyote anakuwa na maandishi yanayosema kilichotokea ndani yake.

Walivyofanya Galicia, walilinganisha wavuvi walioshiriki kusafisha na wavuvi wa vijiji ambavyo mafuta hayakufika. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kuwa, miaka miwili baada ya kazi ile, waliosafisha walikuwa na majeraha ya kromosomu mengi zaidi, pamoja na matatizo ya kupumua. Waliporudi kupima miaka sita baada ya ajali, majeraha yalikuwa bado yapo, jambo linalofanya watafiti wahisi kuwa seli mama za uboho ndizo zilizoguswa. Kundi jingine la watafiti, waliopima watu wengine kwa vipimo vingine miaka saba baadaye, hawakuona tofauti. Sioni haya kuyataja yote mawili. Ubishi wa namna hiyo ni neema kwa wavuvi wa Galicia, kwa kuwa ili wataalamu wabishane juu ya kromosomu zako, sharti kwanza wawe wamezihesabu.

Ukiweka Galicia na Ogale pamoja, picha inatisha. Upande mmoja, miezi ya kusafisha, mara nyingi kwa glavu na barakoa. Upande wa pili, miaka ya kunywa. Palipo na sumu ndogo pana vitabu vya takwimu. Palipo na sumu kubwa pana mashairi. Mtu asiyejua akisoma majarida ya kitabibu tu atadhani hatari iko Hispania.

Pamoja na hayo, delta haikukosa kabisa sauti ya hesabu. Mwaka 2019 wachumi wawili, Anna Bruederle na Roland Hodler, walilinganisha ramani za mafuta yaliyovuja nchini Nigeria na kumbukumbu za uzazi. Waliona kuwa uvujaji uliotokea karibu na makazi kabla mama hajashika mimba uliongeza vifo vya watoto wachanga kwa takriban 38 katika kila vizazi hai 1,000. Kabla ya mimba, angalia vizuri. Utafiti wao haukupima jeni za mtu, na hauwezi kusema ni njia gani madhara yalipita. Lakini umeleta karatasini kile ambacho akina mama wa delta wamekuwa wakikisema kwa vilio.

Ecuador inatufundisha namna ushahidi wa mwili unavyoweza kuzama mahakamani. Texaco ilifanya kazi katika Amazoni ya nchi hiyo tangu 1964 hadi 1992, na maji machafu ya visima yalimwagwa kwenye mashimo na vijito. Mtabibu Miguel San Sebastián na wenzake waliwachunguza wanawake walioishi karibu na visima, wakakuta hatari ya mimba kuharibika ni kama mara mbili na nusu ya ile ya wanawake waliokaa mbali. Mwaka 2011 mahakama ya Lago Agrio iliihukumu Chevron, iliyoirithi Texaco, kulipa mabilioni ya dola. Mwaka 2014 jaji wa New York akasema hukumu ile ilipatikana kwa udanganyifu, na mwaka 2018 baraza la usuluhishi lililoketi chini ya mahakama ya The Hague likaipa kampuni haki. Miaka yote hiyo dunia ilijadili mwenendo wa mawakili. Wale wanawake na mimba zao hawakuwa tena mada.

Kuna kitu kingine ambacho maabara na mahakama hazina, nacho nimekiona kwa Abdelrahman Munif. Munif alisomea uchumi wa mafuta hadi shahada ya uzamivu, kisha akaandika Mudun al-Milh, riwaya ya juzuu tano iliyoanza kutoka mwaka 1984. Katika juzuu ya kwanza yumo Mufaddi al-Jeddan, mganga wa jadi asiyetaka malipo, anayewajua wagonjwa wake kwa majina na kwa nyumba walizotoka. Mji wa mafuta unapokua, anakuja daktari wa kisasa, rafiki wa wakubwa. Mufaddi anasumbuliwa, anafungwa, mwishowe anakutwa ameuawa, na kifo chake kinawasha hasira ya wafanyakazi. Mimi nasoma pale msiba wa kumbukumbu. Daktari wa kampuni humtazama kibarua ili ajue kama kesho ataweza kazi. Mganga alikuwa anakumbuka baba ya huyu aliumwa nini. Maradhi yanayochukua miaka ishirini kujitokeza yanahitaji mtu wa namna hiyo, anayekaa mahali pamoja na kukumbuka.

Waswahili tunao ukumbukaji huo, na unaweza kutuponya au kutuumiza. Posa inapokuja, wazee hutuma watu kuuliza: ukoo ule una kifafa? Una wazimu? Una ukoma? Uchunguzi huo wa nasaba ni elimu ya urithi iliyotangulia maabara. Hofu yangu ni kwamba siku majibu ya kromosomu yatakapoanza kutoka, yataingizwa kwenye maswali hayo hayo, na binti wa kijiji kilicho kando ya matangi ya mafuta akakataliwa kwa kuwa damu ya kwao imeharibika. Japani walionusurika na mabomu ya atomu, wao na watoto wao, walikataliwa ndoa kwa hofu ya namna hiyo. Tuliliona pia hapa kwetu wakati wa UKIMWI, na riwaya ya William Mkufya, Ua la Faraja, ya mwaka 2004, ni miongoni mwa kazi zilizotufundisha kumtazama mgonjwa kama mtu kabla ya kumtazama kama aibu. Katika mapokeo ya Kiswahili, riwaya hiyo ndiyo ningeishika kama mfano wa namna ya kuandika juu ya kilichojificha damuni.

Na sayansi yenyewe inatusaidia kuondoa hofu hiyo. Kromosomu iliyokatika kwenye uboho hairithiwi. Anayeugua ni mwenye uboho, si mwanawe. Kinachoweza kumfikia mtoto ni madhara ya mbegu za uzazi, na hapo pana onyo la kweli: utafiti wa mwaka 2010 juu ya wafanyakazi wanaume wa China uliona mbegu zenye idadi isiyo sahihi ya kromosomu zikiongezeka hata kwa waliovuta benzini karibu na kiwango kinachoruhusiwa Marekani. Lakini mbegu za mwanaume hutengenezwa upya kila mara, na kumtoa mtu kwenye sumu kuna maana kubwa. Mwenye kuulizwa maswali basi awe aliyemweka pale, si ukoo wake.

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, zaidi ya kilomita 1,100 zikiwa ndani ya Tanzania. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi, hivyo bomba hupashwa joto ili yasigande njiani. Sisemi kuwa kila anayeishi kando yake atadhurika. Mafuta yaliyomo ndani ya bomba zima hayamgusi mtu. Nasema kwamba likitokea la kutokea, swali la kwanza litakuwa: damu ya watu hawa ilikuwaje kabla? Ogale hawakuwa na jibu. Galicia nao hawakuwa nalo, ikabidi wakaazime wavuvi wa vijiji vingine ili walinganishe. Watu wa Buliisa, kando ya Ziwa Albert, wa Hoima na wa Chongoleani wanaweza kuwa nalo kama watapimwa kabla hawajaguswa na mafuta: picha kamili ya damu, ambayo hospitali za wilaya zinaifanya kila siku, kwa watu wengi, na hesabu ya kromosomu kwa wachache waliochaguliwa vizuri, katika maabara za vyuo vikuu. Majibu yaandikwe kwa lugha ya mpimwaji na nakala abaki nayo mwenyewe. Vipimo virudiwe kila baada ya miaka michache, na gharama zitoke kwa wenye bomba, chini ya usimamizi wa watu wasiolipwa mshahara nao.

Wapo wa kuanza nao hata leo. Fundi wa gereji anayenyonya petroli kwa mpira hadi imjae mdomoni, kisha akanawia hiyo hiyo mikono na kuoshea kabureta bila glavu. Kijana wa kituo cha mafuta anayesimama kwenye mvuke wa pampu tangu alfajiri. Muuza petroli ya chupa kando ya barabara ya vijijini, anayelala chumba kimoja na madumu yake. Hawa wanaivuta benzini kila siku na damu zao hazijawahi kuulizwa chochote. Mpira wa kunyonyea unaweza kubadilishwa na pampu ndogo ya mkono, na mafuta ya taa na sabuni vinaweza kuchukua kazi ya petroli kwenye kuosha vyuma. Vipimo vyao vya damu havihitaji ruhusa ya kampuni yoyote wala kungoja meli ya kwanza itie nanga Tanga.